Mwongozo mpya, kazi maradufu: tuwafikieje wakubwa?

Swali: Taasisi yetu ya afya ya umma imeleta mwongozo kwa barua pepe. Joto la friji ya chanjo, asubuhi na jioni, tuliandike daftarini na tena kwenye mfumo wa kielektroniki. Hatukuulizwa. Tuanzie wapi?

Jibu: Msilalamike kwa ujumla. Ukurasa mmoja: kifungu gani, kinakwamisha nini, mnapendekeza nini. Ambatanisheni siku ambazo daftari na mfumo vimetofautiana. Friji ya chanjo lazima ibaki kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, hilo halina mjadala, hivyo tofauti hizo ni hoja nzito.

Jibu: Ila daftari msiliondoe! Umeme ukikatika ndilo linalobaki.

Jibu: Ulizeni pia namba ya toleo na tarehe ya kuanza kutumika. Zikikosekana, vituo jirani hufuata kanuni mbili tofauti.