Video za zamani zipo, kwa nini tutose panya wapya majini?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila jazba.

Tangu 1981, mtafiti Richard Morris alipotangaza jaribio lake huko Scotland, maabara nyingi hupima kumbukumbu ya mahali hivi: panya anatoswa kwenye bwawa la duara lenye maji meupe yasiyoonyesha ndani, na kijukwaa kimefichwa chini kidogo ya uso wa maji. Anaogelea mpaka akipate. Siku zikienda anakariri kilipo kwa kuangalia alama za chumbani. Panya anajua kuogelea ila hapendi kukaa majini, na jaribio zima limesimama juu ya karaha hiyo.

Kwa miaka mingi watafiti walitegemea sana sekunde anazotumia panya kukipata kijukwaa. Sasa chukua panya wawili waliotumia sekunde 20. Mmoja alizunguka kandokando ya ukuta, kisha akakigonga kijukwaa kwa bahati. Mwingine alikwenda moja kwa moja, ila mwendo wake ni wa pole. Saa inawaona sawa, ilhali anayekumbuka ni huyo wa pili. Programu ya kujifunza kwa mashine, ikipewa njia walizopita, inawatenganisha. Na tangu 2018 ipo programu ya DeepLabCut: mtu anaiwekea alama picha mia kadhaa tu, nayo inafuatilia pua, masikio na mkia kwenye video nzima.

Kwa hiyo nasema: anayeomba kibali cha panya wapya aonyeshe kwanza kwamba video zilizokwisha kurekodiwa, zikisomwa upya na mashine, haziwezi kujibu swali lake.

— Mleta mada, nakuunga mkono nusu. Video ya zamani haitakwambia dawa mpya ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, inafanya nini. Halafu kila maabara ina bwawa lake, taa zake, kamera yake. Mashine iliyojifunzia kwangu inaweza kukosea kwako usijue.

— Kwa dawa mpya, sawa mkuu, panya atahitajika. Ila kila mmoja akitupa habari nyingi zaidi, tutahitaji wachache. Kuhusu kamera, ndiyo sababu nataka video ziwekwe wazi, mashine ijifunze kwa mabwawa mengi. Anayezifungia zake anamlazimisha mwenzake atose panya wengine.

— Mbona mmeisahau meza ya mtafiti Carol Barnes ya 1979? Ni ya duara, ina matundu pembezoni, na panya anatafuta lile la kujifichia. Maji hakuna, na mashine inasoma njia zake vilevile.