CD pleya ya marehemu baba inasoma CD za dukani tu, ya kuchoma inaikataa

BintiBombo

Salaam wakubwa kwa wadogo. Nina CD pleya ndogo ya mkononi, ile ya duara ya betri mbili, aliyoniachia marehemu baba. Ndoano ya mfuniko ilishavunjika, kwa hiyo naufunga kwa rababendi.

CD za kununua inazisoma, ingawa nyimbo za mwishomwisho hurukaruka. Kinachoniumiza ni CD moja ya kuchoma: arusi ya shangazi yangu hapa Bombo, Uganda, mwaka 2005, habuba wangu (yaani bibi yangu) akiwaongoza wanawake kuimba doluka, nyimbo za ngoma za Kinubi. Mpiga picha alituchomea hiyo moja tu, na kompyuta yake iliibwa mwaka uleule. Nikiiweka, inazunguka, inasimama, inazunguka tena, inalia tik tik tik kama kuku anayedonoa sufuria, halafu kioo kinasema hamna CD ndani. Miaka ya nyuma ilikuwa inaicheza bila matata.

Nimeshampelekea fundi mmoja Kampala. Alikaa nayo wiki mbili, akachukua elfu thelathini, akanirudishia ikiwa na skrubu tatu badala ya tano na alama ya kidole kwenye lenzi. Akaniambia, "Mama, hizi zimepitwa na wakati." Hilo nililijua kabla sijapanda taksi.

Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na nataka sauti ya habuba isikike. Nianzie wapi?

Kijana_Jinja

Dada, nunua flashi na spika, achana na vitu vya makumbusho.

BintiBombo

Kaka, flashi nitanunua. Habuba nitamtoa duka gani?

HajiRedio

Mwanangu, mimi nimekaa na redio na kaseti hapa Arua tangu vumbi la soko liwe jekundu, na hayo uliyoeleza nimeyaona mara nyingi. CD ya kiwandani imepigwa chapa kwenye plastiki na kupakwa alumini juu yake, inarudisha mwanga vizuri. Ya kuchoma ina rangi ndani yake, na mwanga inaorudisha ni hafifu zaidi. Jicho la leza likizeeka au likishika uchafu, CD ya dukani bado italivumilia, ya kuchoma haitalivumilia. Zile za kufuta na kuchoma tena ndizo mbaya kuliko zote, zinarudisha kama robo tu ya mwanga, na pleya nyingi za zamani haziziwezi hata zikiwa mpya.

Kwa hiyo anza na hiyo alama ya kidole. Toa betri kwanza. Tafuta spiriti safi aina ya isopropyl, si ile ya vidonda, maana nyingine zina mafuta na zitaacha ukungu. Lowesha kijiti cha pamba, kikamue, kisha zungusha juu ya lenzi taratibu kama unamfuta mtoto mchanga tongo. Lenzi ile imening'inia kwenye vijiwaya vyembamba sana, ukiikandamiza umemaliza kazi. Na usije ukaichungulia ikiwa imewaka: mwanga wake jicho karibu haliuoni, kwa hiyo hata kope hazitafumba.

Pembeni ya leza kuna kiskrubu kidogo sana. Mafundi wa haraka hukizungusha ili leza iwake kwa nguvu. Itasoma siku chache, kisha itakufa moja kwa moja. Usikiguse.

MamaTororo

Mimi yangu nilipaka dawa ya meno kwenye CD ikapona.

HajiRedio

Mama, hiyo ni dawa ya mikwaruzo ya upande wa chini, na usugue kutoka katikati kwenda nje, usizungushe. Upande wa juu wenye maandishi ukikwaruzwa hakuna dawa, kwa sababu data yenyewe imekaa hapo chini ya rangi tu. Binti yetu asipake kitu chochote kwanza. CD ni moja.

Sola_Kasese

Naomba niongeze moja, nimelipia. Yangu ilikuwa ya volti 4.5, nikaichomeka kwenye waya wa sola nyumbani, volti 12. Nilisikia harufu tu. Halafu angalieni ule mchoro wa chanya na hasi karibu na tundu: adapta nyingine katikati ni chanya, nyingine hasi, na ncha inaingia vilevile.

BintiBombo

Nimerudi. Haji, Mungu akupe umri. Spiriti niliipata kwa muuza vipuri vya simu. Nimefuta mara mbili, nikaweka betri mpya, na CD ya habuba IMESOMA! Nimekaa sakafuni nikasikiliza mpaka wimbo wa sita. Wa saba ikaanza kurukaruka, wa nane kimya. Wake ni wa tisa.

HajiRedio

Sasa ni shida nyingine. CD husomwa kuanzia katikati kwenda ukingoni. Uliandika kwamba hata za dukani zinaruka nyimbo za mwisho, sivyo? Basi tusiilaumu CD kwanza. Leza inatembea juu ya reli, ikisukumwa na gia za plastiki. Fungua mfuniko, utaona reli. Sukuma gia kwa kidole polepole uone inapokwama. Grisi ya zamani hugeuka kama ulimbo.

Lakini kabla ya hapo, CD imeshasomeka. Ipeleke palipo na kompyuta yenye mlango wa CD, unakili leo. Pleya tutaichezea baadaye.

BintiBombo

Nilikuwa mkaidi, nilifungua pleya kwanza. Kwenye gia kulikuwa na uzi mwekundu wa kitenge umejizungusha, urefu wa kidole, umeshikana na grisi na mchanga. Nimeutoa kwa sindano, nikafuta reli, nikatia tone dogo la mafuta ya cherehani. Haji atanigombeza kwa hilo tone.

Halafu nikaenda kwenye duka la kuchapa la jirani. Kompyuta yao ya mezani ni kuukuu lakini mlango wa CD unafanya kazi. Ilisaga wimbo wa nane kama dakika nne, kijana akataka kuitoa, nikamshika mkono. Ikapita. Zote kumi na moja ziko kwenye flashi, moja kwa kaka yangu, moja kwa shangazi mwenyewe.

Wimbo wa tisa unaanza na habuba akimkaripia mtu aliyekalia ngoma. Nilikuwa nimesahau kabisa. Shangazi anasema aliyekaripiwa ni yeye, bibi arusi.

HajiRedio

Mafuta ya cherehani yatamwagikia lenzi. Yafute.

BintiBombo

Nimefuta. Na ile ndoano ya mfuniko, Haji, naweza kuitengeneza au niendelee na rababendi?