Bunduki za mbao za Wakaliga: zinatujengea jina au wageni wanatucheka?

Wiki jana mgeni mmoja ninayefanya naye kazi hapa Kampala alinionyesha kwenye simu kipande cha Who Killed Captain Alex?, ile sinema ya mwaka 2010 ya Isaac Nabwana wa Wakaliga, mtaa wa hapa hapa Kampala. Helikopta ya kompyuta inaelea juu ya majumba ya mjini, mabomu yanadondoka, moto unawaka bila kuunguza kitu. Gharama yake inayotajwa ni chini ya dola 200. Jamaa alicheka mpaka machozi. Nami nikacheka, kisha nikakasirika, na hadi leo sijui nilimkasirikia nani. Basi naleta swali: sinema hizi za ngumi na risasi za bei ya chai zinatupa heshima au zinatufanya vikaragosi?

Msimamo wangu nautoa mapema: mimi nazitetea. Nimekulia Arua. Kibanda chetu cha video kilikuwa cha mabati na mikeka, mabenchi yana misumari iliyochomoza, mlangoni ubao wa chaki wenye orodha ya picha za siku. Jioni moja umeme ukakatika katikati ya ngumi. Hakuna aliyeinuka. VJ, yule kijana wa kututafsiria, akaendelea gizani kwa sauti yake tu, bila maikrofoni: sasa kamshika shati, vifungo vinaruka, sasa jambazi yuko chini, kwisha habari yake! Jenereta ilipowaka, picha ikaanzia pale ilipoishia, na jambazi akatokea mzima, anatamba. Tulimcheka maskini yule asiyejua kwamba ameshakufa.

Nabwana amesimulia kwamba utotoni hakuwa akienda sinema, kaka zake ndio walioenda wakarudi kumhadithia. Ukilijua hilo unaelewa kwa nini VJ Emmie anapiga kelele juu ya picha zake tangu mwanzo hadi mwisho. Hata nakala ya asili ya Captain Alex, isiyo na sauti ya VJ, imepotea. Mgeni anadhani kelele zile ni kituko kilichoongezwa. Kwetu ndiyo sinema yenyewe.

Mwalimu, Jinja

Ndugu yangu, umetueleza utamu, sasa tueleze mshahara. Waigizaji wale wamekuwa wakiuza DVD mkononi, mtaa kwa mtaa, wakikimbizana na wezi wa nakala. Mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe, wakaiacha baada ya mwigizaji kuugua, ndipo wakahamia rangi ya chakula. Unaliitaje hilo, ubunifu? Mimi naliita hatari kazini. Mwaka 2019 sinema yao Crazy World ilionyeshwa kwenye tamasha la sinema la Toronto, Kanada, katika kipindi cha usiku wa manane, kile cha picha za vichaa. Hongera, sikatai. Ila nauliza: siku Nabwana akipata kamera nzuri na bunduki zinazofanana na bunduki, hao wanaopiga makofi watabaki? Naogopa wanataka mbao ibaki mbao.

Fundi chuma, Katwe

Mwalimu, heshima yako. Mimi nachomelea vyuma, nimeziangalia silaha zile kwa jicho la kazi. Kuunganisha bomba na vyuma chakavu mpaka vikae kama bunduki kubwa ya kivita, tena mtu aibebe akimbie nayo, si mchezo wa mtoto. Nabwana mwenyewe alikuwa mfyatua matofali na kompyuta yake akaiunda mwenyewe kwa vipuri. Disney walikuja Katwe kupiga Queen of Katwe, picha safi, nimeipenda. Lakini walikuja na pesa zao wakaondoka na kamera zao. Wakaliga wamebaki na vifaa vyao. Basi wewe chagua.

Afande mstaafu, Bombo

Nimeitazama mara mbili. Komando gani anakimbia ameweka kidole kwenye kifyatulio, mdomo wa bunduki uko mgongoni kwa mwenzake? Mara ya kwanza nilinuna. Mara ya pili nilikuwa na wajukuu, wakaniomba niwaonyeshe namna ya kuanguka nikipigwa risasi. Nimeanguka. Kiuno bado kinauma. Siko upande wowote.

Mama wa dukani, Tororo

Mnabishana nani anawacheka, mimi nauliza nani anatutafsiria. VJ wengi ni Kiluganda. Kiswahili baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini nikitaka picha iliyotafsiriwa Kiswahili, namsikiliza DJ Afro wa Kenya. Hapo vipi?

Mwenye mada

Mama, umenipiga penyewe, sina jibu. Mwalimu, la mshahara nakubali, na sitaki tulifunike kwa kicheko. Lakini usiseme kicheko chenyewe ni cha wageni. Kibandani tulikuwa tunawacheka komando wa Marekani miaka mingi kabla ya Toronto kutusikia. Komando anarusha risasi mia bila kubadili magazini, VJ anatuuliza, huyu ananunulia wapi? Nabwana alichofanya ni kuwahi: kicheko kile amekitia ndani ya picha kabla mtu mwingine hajakitoa. Ndiyo maana nilipomwona yule jamaa akicheka nilikasirika. Sasa nadhani nimejua. Alicheka mahali palepale tunapocheka sisi, ila alidhani amepagundua yeye.

Jana karudi. Ameimaliza yote, anauliza: sasa nani alimuua Kapteni Alex? Nimemwambia sinema haisemi. Hakuamini, amekwenda kuirudia.