Domodomo kwenye tangi la lita 120, au najitafutia balaa?

Maji_Tulivu:
Wakuu, heshima kwenu. Nina tangi la lita 120, urefu sentimita 80, chini nimetandaza changarawe. Gapi wangu wote niliwagawa mwezi uliopita, nimechoka kufuga samaki wa kila mtu. Sasa nimemwona domodomo, Gnathonemus petersii, mdogo kama kidole cha kati, na ule mkonga wake umenimaliza kabisa. Muuzaji anadai hakui sana na anakula chakula cha vipande kama wengine. Kuna ukweli hapo? Kama hafai, nitajieni kiumbe kingine cha ajabu. Chujio sijawahi kulizima, kwa hiyo maji yako tayari. Nawasilisha.

Kidevu_Kirefu:
Mkuu, kabla ya samaki tuanze na hilo chujio. Mwezi mzima bila samaki maana yake bakteria wanaosafisha maji hawajapata amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, ya kula. Mashine inazunguka, lakini wengi wa wafanyakazi wake huenda wamekwisha. Tia amonia kidogo, pima kesho yake. Kama amonia na nitriti, sumu nyingine inayotokana nayo, hazijashuka hadi sifuri, usilete samaki.

Sasa domodomo. Nimefuga wawili, na wa kwanza nilimuua mwenyewe.

Alikuta changarawe kama yako. Ule unaouita mkonga ni kidevu, na kazi yake ni kuchokonoa mchanga usiku kucha. Wiki ya pili ncha ilikuwa imechubuka, nyeupe. Chakula cha vipande nilikuwa natupa juu, samaki wadogo wa tetra wanakimaliza kabla yeye hajachungulia. Nikajiambia anakula usiku. Anakula nini, wakati hakikubaki kitu? Siku nilipomtazama vizuri mgongo umechongoka kama kisu, tumbo limeingia ndani. Nikadhani ni ugonjwa, nikatia dawa yenye shaba. Hakufika asubuhi.

Wa pili nilimngojea hadi nikapata tangi la lita 400. Mchanga laini, bomba la udongo la kujifichia, taa hafifu, joto nyuzi 26. Minyoo myekundu ya kugandishwa nilikuwa naiyeyusha, nazima taa, nasubiri kidogo, halafu naidondosha kwa bomba la sindano mlangoni pake. Alifika sentimita 21, kwa hiyo hilo la "hakui sana" mwachie muuzaji wako. Na hapo ndipo nilipoona utamu wake: alikuwa na gamba tupu la konokono, analisukuma kutoka kona hii hadi ile, kisha analirudisha. Ubongo wake hutumia karibu asilimia 60 ya oksijeni ya mwili mzima, wetu kama asilimia 20 tu. Gizani anajiongoza kwa mapigo hafifu ya umeme yatokayo karibu na mkia. Ndiyo maana hata kuweka wawili kwenye sentimita 80 ni ugomvi. Mnyonge akijificha nyuma ya jiwe, mwenzake bado anamhisi.

Kwa tangi lako nasema hapana.

Gamba_Tupu:
Naunga mkono. Lakini mbona hujamtajia wale wa Ziwa Tanganyika? Neolamprologus multifasciatus, dume halizidi sana sentimita 4, na kila mmoja ana gamba lake la konokono la kulala. Mwagia mchanga wa sentimita 5, tupa magamba ishirini, kaa pembeni. Watachimba mpaka ukute kioo cha chini kiko wazi. Ukiingiza mkono wanakuja kuuma, wakubwa kwa wadogo! Ila maji yawe magumu, yenye madini mengi, na pH (kipimo cha asidi) 8 na kuendelea.

Maji_Tulivu:
Aisee, asanteni. Nimepima sasa hivi, pH 7, maji laini. Hao wa magamba basi, hawanifai. Kidevu, wewe ungeweka nani?

Kidevu_Kirefu:
Gogogo wa kuogelea kichwachini, Synodontis nigriventris wa bonde la Kongo. Kwa wengi wa samaki mgongo ndio mweusi na tumbo jeupe, lakini huyu tumbo ndilo limekoza, kwa sababu ndilo analolielekeza juu. Hafiki mbali zaidi ya sentimita 10. Weka watano, akiwa peke yake anajibanza tu. Changarawe itoe, weka mchanga, na vigogo vyenye uvungu, maana huko chini ndiko wanakoning'inia mchana.

Dukani mwambie muuzaji awalishe wewe ukiwa umesimama hapo. Asiyekula mbele yako mwache. Na usiwavue kwa wavu: miiba ya mapezi yao inanasa kwenye nyuzi, utakata wavu au utamjeruhi. Tumia kopo.

Maji_Tulivu:
Kopo ninalo. Amonia naitia leo, nitaleta majibu kesho usiku.