Uwanja wa ndege wa Saint Helena: hivi hakuna aliyeujua upepo ule?

Mwana wa Shangani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimekuwa nikifuatilia habari za Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha usultani wa Zanzibar kwa siku mbili tu mwezi Agosti 1896 kabla ya mizinga ya Waingereza kumwondoa. Alikuja kukamatwa Dar es Salaam wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa uhamishoni Shelisheli na Saint Helena, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki Mombasa mwaka 1927. Katika kutafuta namna mtu anavyoweza kufika siku hizi kwenye kisiwa hicho cha Atlantiki ya Kusini, nilikutana na jambo ambalo limenikalia kichwani. Uwanja wa ndege uligharimu Serikali ya Uingereza pauni milioni 285 na ulitarajiwa kufunguliwa rasmi mwezi Mei 2016, lakini ndege ya kwanza ya abiria yenye ratiba ilitua tarehe 14 Oktoba 2017, na sababu inayotajwa ni upepo.

Swali langu ni hili: kisiwa kimekaliwa tangu karne ya 17, na mabaharia wa tanga wamekipitia miaka yote hiyo. Iweje upepo uonekane kuwa tatizo baada ya zege kukauka?

Mtazama Mawingu alijibu:

Ndugu Mwana wa Shangani, mimi kazi yangu ni kupima hali ya hewa kwenye uwanja mmoja wa mwambao wetu, kwa hiyo nitajibu kwa upande ninaoufahamu.

Upepo wenyewe ulijulikana. Saint Helena iko kwenye njia ya pepo za kusini-mashariki zinazovuma karibu mwaka mzima. Ni kama kusi letu, ila kusi lisilopokewa na kaskazi. Kilichosumbua ni kile ambacho upepo huo hufanya unapokutana na ardhi ya pale. Uwanja uko Prosperous Bay Plain, uwanda ulio juu kiasi cha mita 300 kutoka usawa wa bahari, na pembeni yake kuna majabali yanayoshuka wima hadi majini. Mtu akitaka kuelewa, na asimame juu ya ukuta wa Fort Jesus siku ya kusi kali. Akikaa hatua tatu nyuma ya ukingo, kofia yake inatikisika tu; akisogea hadi ukingoni, upepo unamjia kutoka chini na kofia inaondoka. Sasa afikirie tofauti hiyo, katika umbali mfupi kama huo, ikiipata ndege iliyokwisha kupunguza mwendo ili iguse ardhi.

Mwezi Aprili 2016 ililetwa ndege aina ya Boeing 737-800 kwa majaribio, na ilipokuja kutua kutoka kaskazini ilipata shida kubwa. Kutoka upande huo ndege hukutana na upepo wa mbisho, jambo ambalo kila rubani hulipenda, lakini ndipo penye mabadiliko hayo ya ghafla. Ikizunguka na kutua kutoka kusini inaepukana nayo, lakini hapo upepo unaisukuma kutoka nyuma, na barabara ya kutulia ina mita 1,950 tu. Suluhisho lilikuwa kutumia ndege ndogo zaidi, Embraer 190 ya shirika la Airlink la Afrika Kusini, pamoja na kupunguza idadi ya abiria na kuwapa marubani mafunzo maalumu ya uwanja huo.

Zaidi ya hayo, hakuna uwanja jirani wa kukimbilia. Kisiwa cha Ascension kiko umbali wa kilomita 1,300 hivi. Ndiyo maana ndege inayotoka Johannesburg hushuka kwanza Namibia kujaza mafuta, ili ikishindwa kutua iwe na akiba ya kuirudisha bara.

Hesabu Kwanza alijibu:

Maelezo ya Mtazama Mawingu ni mazuri, lakini hayaiondoi hesabu. Kisiwa kina wakazi wapatao 4,500, na ukigawa fedha zile unapata zaidi ya pauni 60,000 kwa kila mmoja. Wataalamu walikuwa na miaka ya kutosha kulijaribu eneo hilo kwa ndege halisi kabla ya kumwaga zege. Kamati ya Bunge la Uingereza inayokagua hesabu za umma iliwakemea wahusika mwaka 2016, na mimi naona ilikuwa na haki.

Fundi Njia alijibu:

Kuhusu majaribio nakubaliana na Hesabu Kwanza. Hilo lilikuwa kosa. Kuhusu fedha, sikubali. Meli ya RMS St Helena, iliyokuwa ikichukua siku tano hivi kutoka Cape Town, ilikuwa imeanza kazi mwaka 1990, ilizeeka, na yenyewe iliendeshwa kwa ruzuku. Kwa hiyo asiyejenga uwanja angepaswa kununua meli nyingine. Tena mgonjwa mahututi hangoji siku tano baharini. Katika mwaka uleule wa 2016, huku magazeti yakiucheka uwanja kuwa hauna kazi, ndege ndogo zilikwisha kuanza kutua pale kuchukua wagonjwa.

Mimi ni mtu wa barabara, na kinachonivutia zaidi ni ujenzi wenyewe. Uwanda haukutosha, hivyo bonde liitwalo Dry Gut lilijazwa mawe na udongo kiasi cha mita za ujazo milioni 8, kimo cha takriban mita 100, ndipo barabara ya ndege ikapita juu yake. Mitambo ililetwa kwa meli hadi ghuba ya Rupert's mwaka 2012, na kutoka hapo ilibidi ichongwe barabara ya kilomita 14 kupanda mlima.

Barabara hiyo ndiyo iliyofukua makaburi. Katika bonde la Rupert's walizikwa maelfu ya Waafrika ambao jeshi la majini la Uingereza liliwatoa kwenye meli za watumwa kuanzia mwaka 1840, wengi wao wakiwa wamekwisha dhoofika kwa njaa na maradhi. Wachimbaji wa mambo ya kale walitoa mabaki ya watu 325 mwaka 2008 ili kuipisha barabara, na mabaki hayo yakakaa ghalani hadi mwaka 2022 ndipo yakazikwa upya. Uwanja ulikwisha kupokea ndege za abiria zenye ratiba kwa karibu miaka mitano wakati huo.

Mwana wa Shangani aliandika:

Nawashukuru nyote. Nilikuja kuuliza upepo, na la makaburi sikulitarajia. Ndugu Fundi Njia, kama unafahamu, naomba unieleze iwapo mgeni anayeshuka uwanjani huweza kufika bonde la Rupert's kwa barabara hiyohiyo, maana nikijaliwa kwenda nitapenda kuanzia huko kabla ya kutafuta alikokaa Sayyid Khalid.