Moto juu ya banio

*Kikundi: MAJIRANI MFEREJI WA JUU – KIBOSHO*
*Jumamosi, Oktoba, saa 3 na robo usiku*

Baba Kelvin: Wapendwa samahani kwa usiku huu. Kuna mtu wa kitongoji chetu yuko msituni sasa ivi? Zamu yangu ya maji imeanza saa 2 na mfereji unaleta mchirizi tu nikapanda banioni pale mfereji unapochukulia maji kuangalia, sasa nipo hapa naona moto unawaka ndani ya ule ukanda wa msitu wa nusu maili upande wa korongo

Baba Kelvin: 📷 Picha

Mama Doreen: Mungu wangu. Ni moto au tochi za watu

Baba Kelvin: Moto mama Doreen, moshi naunusa hapa nilipo

Mama Kelvin: Baba Kelvin uko na nani huko

Godi Boda: yuko na mimi mama, panga ipo na tochi 2

Mama Doreen: Msisogee jmn, hao wa usiku hamjui wameshika nini. Shukeni mpige simu

Mwl Upendo: Kama lazima msogee basi msinyate. Ongeeni kwa sauti na tochi ziwake wajue ni watu wa kijijini, mtu akishtuka gizani anarusha panga kwanza maswali baadaye. Mwenyekiti upo hewani?

Mwenyekiti: Nipo. Nampigia askari wa hifadhi wa zamu. Baba Kelvin nitumie lokesheni.

Baba Kelvin: Inagoma mwenyekiti, mtandao unashika nikisimama kwenye ukuta wa banio tu. Waambie wafuate mfereji mpaka banioni halafu wapande kulia, wataona mikaratusi mitatu imesimama pamoja, moto uko chini yake

Babu Meku: Chini ya mikaratusi hapo pabaya sana mwanangu majani yake yana mafuta na mwezi huu yamekauka yamelala chini kama mkeka, hiyo nusu maili iliwekwa mwaka 1941 sisi tupate kuni na mbao huko tusiguse msitu mkubwa na wazee wetu walikuwa wakali kwa jambo la moto, mrina asali alitembea na kienge chake cha moshi mkononi akimaliza anakizamisha mtoni mbele ya mwenzake, hakuna kukoka moto chini ukaota halafu ukaondoka

Mama Glory: Shikamoo babu. Ni kweli kabisa

Babu Meku: Marahaba mwanangu

Mwl Upendo: Mtu apige pia 114 zimamoto. Gari haifiki huko juu najua lakini taarifa iwepo

Mwenyekiti: Nimeshapiga. Askari wanatoka upande wa geti la Umbwe, wanakuja kwa miguu.

*Saa 3:50*

Mama Kelvin: Jamani mbona kimya. Nimemtumia meseji ina tiki moja

Mama Doreen: Mtandao huo mama Kelvin. Wako wawili, tulia

Mama Kelvin: Natuliaje na Godi naye hapatikani

*Saa 4:10*

Baba Kelvin: Tumerudi banioni tuko salama wote. Naandika kwa kirefu ili kila mtu aelewe. Tumekuta watu watatu, mzee mmoja na vijana wawili, walikuwa wanarina asali, masega yako kwenye ndoo na sufuria ya ugali bado iko kwenye mafiga. Tumesalimiana vizuri hakuna aliyeinua mkono. Nikawaambia hapa ni hifadhi, moto hauruhusiwi hata mchana, yule mzee akasema wanaota tu baridi wakimaliza wanazima. Nikamwambia mzee wangu naomba uzime tukiwa tunaona. Wakapiga mateke udongo juu ya moto wakakanyaga kanyaga wakabeba ndoo yao wakaondoka, hata sufuria wameiacha. Kwa macho ungesema umezimika kabisa, hakuna mwanga hakuna moshi

Baba Kelvin: Sasa sikilizeni hapa. Nimechuchumaa nikaweka nyuma ya kiganja juu ya ule udongo, una joto kali, mkono haukai. Nikafukua kwa ncha ya panga. Chini hapo siyo udongo jamani ni majani yaliyooza na vimizizi vikavu, na nimekuta mzizi wa mkaratusi unene wa mkono wangu umekuwa mwekundu ndani, unaliwa taratibu kuelekea kwenye shina. Pembeni hatua mbili kuna ufa kwenye ardhi na moshi unatokea hapo, sehemu ambayo hakuna aliyekoka moto

Godi Boda: nimeona kwa macho yangu, ule moshi unatoka chini ya ardhi kbs

Babu Meku: Ndio hivyo, ukifukia moto wa msituni umejenga tanuru la mkaa, unakaa siku mbili tatu unatembea chini halafu unaibukia kwingine

Mama Glory: Huyo mzee atakuwa ni

Mama Glory: 🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mwenyekiti: Mama Glory asante kwa kufuta. Majina yasitajwe hapa, anayemjua mtu anipigie mimi. Tukikosea jina tumemuumiza mtu asiye na kosa na familia yake.

Mama Doreen: Mimi naomba niseme kitu na mnisamehe. Moto ukishika kesho lawama zinakuja kwetu akina mama wa kuni na majani. Tangu msitu uingizwe hifadhi mwaka 2005 tunaingia nusu maili kwa siku za kuhesabu, tunachunguzwa mpaka kamba na mundu, na ng'ombe wetu wa zizini wanategemea hayo majani. Mtu mmoja anaota baridi usiku mmoja halafu sisi tunafungiwa msitu miezi. Inaniuma sana

Mama Glory: Umesema la moyoni mwangu

Mwl Upendo: Na siyo majani tu. Watu wanadhani maji ya mfereji yanatoka kwenye barafu ya kilele cha Kibo, hapana, yanatoka kwenye huu msitu, unapata mvua nyingi na unashika ukungu unadondosha chini tone tone mpaka chemchemi. Mwaka 2020 mnakumbuka ule moto wa tarehe 11 Oktoba pale Whona kati ya vituo vya wapanda mlima vya Mandara na Horombo, ilitangazwa kwamba chanzo ni wapagazi kupasha chakula. Chakula jamani. Mlima Kilimanjaro uliwaka zaidi ya wiki, mamia ya watu walipanda kuzima wakiwemo wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka. Halafu 2022 tena Oktoba hiyo hiyo upande wa kambi ya Karanga mpaka jeshi likapanda. Vuli haijaanza na kila kitu ni kikavu, mwezi huu hauna moto mdogo

Baba Kelvin: Sasa naomba watu. Mimi na Godi tumeanza kumwaga lakini tuna kidumu kimoja cha lita 5, kutoka banioni kupanda pale maji yanaisha kabla hatujafika kwenye huo ufa. Nahitaji madumu ya lita 20 na majembe mawili. Na mlio na zamu ya maji usiku huu mnivumilie, nimeelekeza maji yote kwenye mchepuko wa juu

Kaka Frank: Maji ni zamu yangu saa 6, chukua yote. Nakuja na majembe

Mama Glory: Baba Glory anavaa viatu, ana madumu manne

Mama Doreen: Mimi nina mawili, mmoja apitie hapa getini

Babu Meku: Sikilizeni vijana, usiku huu upepo unashuka kutoka mlimani kwa hiyo simameni upande wa juu moshi usiwapige, na kabla ya kumwaga maji fyekeni majani kuuzunguka ule moto mpaka udongo mwekundu uonekane, upana wa hatua mbili siyo chini ya hapo. Jua likipanda saa 4 asubuhi upepo unageuka unapanda mlimani, ukikuta cheche moja inaipeleka msitu mkubwa. Kazi iishe kabla ya hapo

Kaka Frank: Sawa babu

Mwl Upendo: Na msimwage maji juu juu. Fukua, mwaga, koroga liwe tope, mwaga tena. Ule mzizi kateni mbele ya pale ulipofika moto mtoe kipande chote

Mama Kelvin: Frank mpelekee baba Kelvin sweta nakupa hapa njiani, ametoka na shati tu

*Saa 7 na dakika 20*

Baba Kelvin: Tumefika nane hapa pamoja na askari wawili. Ule mzizi tumeufuata mpaka tumeukata, ulikuwa umebakiza kama futi moja kufika kwenye shina. Tumefukua mpaka pale penye ufa, kumbe mizizi ya pale ilishashika zamani kidogo, inaonekana moto huu siyo wa leo peke yake, hapa watu wamekuwa wakikoka. Askari wamepiga picha wamechukua sufuria na mabaki ya masega. Hawajatuuliza kwa ubaya, wameandika namba ya mwenyekiti

Mwenyekiti: Asanteni sana. Wawili wabaki mpaka alfajiri, wengine mshuke mpumzike. Ule mchepuko mfunge mkishuka.

Godi Boda: nabaki mimi na frank

*Jumapili, saa 12 na nusu asubuhi*

Godi Boda: tumepita kila sehemu kwa mkono, tope la baridi kila mahali hata kwenye ufa. askari nao wamepima wenyewe wameridhika, watarudi mchana upepo ukigeuka

Baba Kelvin: Godi ubarikiwe

Mama Doreen: Na sisi wa majani? Siku yetu ni kesho. Mmewauliza?

Mwenyekiti: Nimeongea nao. Mtapanda kama kawaida, ila msipite chini ya ile mikaratusi mitatu, pazungukwe mpaka watakapomaliza kazi yao. Na wameomba akina mama mkiona jivu au mafiga popote mniambie mimi, maana nyie ndio mnaofika kila kona.

Mama Doreen: Hilo tunaweza. Mama Glory kesho saa 12 getini kwangu, uje na kamba yangu ile ya katani

Mama Glory: Ipo mama

Kaka Frank: Mfereji umejaa mpaka kwangu. Anayefuata ni nani