Acheni kuwafuta wanawake kwenye data eti "wamejikanganya"!

Wakuu, nimevumilia, leo nasema. Wiki nzima nahangaika kwa nini jedwali letu la ukatili wa kimwili halifanani na la ripoti ya DHS (ule utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya), wakati faili la data ni lile lile. Kumbe mwenzetu mmoja alishapita "kusafisha". Kila mwanamke mwenye d106 = 0 (hakufanyiwa ukatili wa kimwili usio mkali) na d107 = 1 (alifanyiwa ule mkali) kamtupa nje. Namuuliza, ananijibu kwa kujiamini kabisa: "Atapigwaje sana bila kupigwa kidogo?"

Jamani! d106 siyo ngazi ya kupandia d107. d106 imebeba kusukumwa, kuzabwa kofi, ngumi, kusokotwa mkono. d107 ni mateke, kukabwa, kuunguzwa, kutishiwa kisu au bunduki. Mume anayemkaba mkewe shingo analazimika kuanza na kofi? Mwanamke kajibu swali aliloulizwa, sisi tulioketi na kompyuta ndio tunamwita mwongo. Ukitaka ukatili wa kimwili wa mume wa sasa au wa mwisho, chukua aliyesema ndiyo kwenye d106 au d107. Basi.

Yupo pia anayesema mume wa sasa hajawahi kumgusa, lakini d130a inaonyesha yule wa zamani alimpiga. Huyo naye kafutwa! Waume wawili, majibu mawili, mkanganyiko uko wapi?

Lililonitoa machozi ni nafasi tupu, za wanawake wasio na jibu. Zote kazijaza sifuri. Sehemu hii ya maswali ya ukatili huulizwa mwanamke mmoja tu kwa kaya, na faragha ikikosekana mdodosaji haruhusiwi kuendelea. Ndiyo maana v044, safu inayoonyesha kama mwanamke alichaguliwa na kuhojiwa, ina namba 2: alichaguliwa, faragha haikupatikana. Labda mume aligoma kutoka chumbani, nani ajuaye. Halafu wewe unamwandikia "hajapigwa"? Chuja v044 == 1 (waliochaguliwa na kuhojiwa) kwanza, ndipo uguse kingine. (Na uzito wa sampuli kwa sehemu hii ni d005, siyo v005 ya wanawake wote. Hilo nalo nimelikuta.)

Nimepeleka malalamiko kwa msimamizi, kasema ripoti iende hivyo hivyo, muda umeisha. Nimemwambia jina langu aliondoe kwenye ripoti.

Mwenye amri za Stata (programu ya takwimu) za kushughulikia wajane na waliotalikiwa kwenye swali la ukatili wa miezi 12 iliyopita naomba aziweke hapa, nalirudia faili zima kuanzia la asili. Na unayekuja kuniambia "hao waliofutwa ni wachache tu", pita kimya.